Ghala la Hesabu Liwe Letu, Funguo Zisibaki Makao Makuu Peke Yake



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mmoja wetu anaijua, na wengi wetu tumeisema mikutanoni tulipokuwa tukimdai mweka hazina maelezo. Leo tunaileta tena kwa sababu daftari lenyewe linataka kubadilika. Makao makuu ya chama chetu yameleta pendekezo kwamba hesabu za matawi yote, ambazo sasa zimo katika karatasi za kompyuta za kila tawi peke yake, ziunganishwe na ghala moja la data lililoko katika kile kinachoitwa wingu, ili bajeti ya chama ifuatwe mwezi kwa mwezi. Jambo hili litaletwa mbele ya wajumbe lipigiwe kura.

Tumelizungumza katika matawi yetu ya chai na ya sukari hapa Uganda, baada ya kazi, kambini na kwenye vibanda vya mizani. Wako wanaosema tukubali mara moja kwa kuwa ni maendeleo. Wako wanaosema tukatae kabisa, kwa kuwa ni njia mpya ya wakubwa kula pesa yetu mahali tusipoona. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunasema tukubali, lakini kwa masharti, na sharti lililo kubwa kuliko yote ni kwamba mwanachama wa kawaida aweze kusoma kilichomo. Likikosekana hilo, tukatae. Sababu zetu ni hizi.

SIFURI MBILI ZA MAREHEMU

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika tawi letu moja alifariki mchumaji wa chai aliyekuwa mwanachama kwa miaka mingi. Mfuko wa maafa wa chama hutoa fedha za mazishi kwa familia ya mwanachama ambaye ada yake imelipwa. Mjane wake alipokuja tulimjazia fomu siku ile ile, tukaipeleka makao makuu. Jibu likarudi kwamba marehemu hajalipa ada kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo familia haistahili.

Mama yule alikwenda nyumbani akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na slipu za mshahara za mumewe, zimekunjwa vizuri, mwezi baada ya mwezi. Kila slipu ilionyesha makato ya chama. Akatuambia, "Wanangu, mimi sijui kusoma, lakini mume wangu aliniagiza hizi nisitupe. Kama pesa ilikatwa, iliishia wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ilituchukua miezi mitano kulipata. Namba ya kazi ya marehemu ilikuwa 00417. Karani wa mwajiri alipotuma orodha ya makato, kule makao makuu waliifungua katika Excel, nayo Excel ikaona namba, ikaondoa sifuri mbili za mbele, kwa sababu katika kuhesabu 00417 na 417 ni kitu kimoja. Lakini katika rejista ya wanachama namba ile ilikuwa imeandikwa kama maandishi, pamoja na sifuri zake. Mashine ilipolinganisha orodha mbili haikumwona. Pesa yake ilikuwa imefika benki kila mwezi, ikakaa katika fungu la wasiojulikana, pamoja na pesa ya wenzake wote ambao namba zao zinaanza na sifuri.

Mama alilipwa. Lakini kwa wakati huo jeneza lilikuwa limekwisha kununuliwa kwa mkopo, na ng'ombe pekee wa nyumba ile alikuwa ameuzwa kumlipa mkopeshaji.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu wanachama wengi wakisikia pesa haionekani hufikiri wizi tu. Wizi upo, nasi hatutaufumbia macho. Lakini safari hii hapakuwa na mwizi. Palikuwa na hesabu ambazo hakuna hata mmoja katika tawi aliyeweza kuzisoma, na watu wa makao makuu ambao hawakumjua marehemu wala namba yake. Laiti orodha ile ingebandikwa ukutani katika ofisi ya tawi, marehemu mwenyewe, akiwa hai, angeona jina lake halipo akapiga kelele mwezi wa kwanza.

HESABU ZETU ZINAVYOKWENDA SASA

Kila mwezi mwajiri hukata ada katika mshahara, huipeleka benki kwa makao makuu, na makao makuu hurudisha mgao wa tawi kwa ajili ya nauli, mikutano, karatasi na kesi za wanachama. Njia hiyo ina vituo vitatu, na kila kituo kina karatasi yake. Mwajiri ana orodha ya makato. Makao makuu yana hesabu ya benki. Tawi lina daftari la mkono, na siku hizi pia karatasi ya kompyuta ambayo katibu wetu huijaza usiku na kuituma kwa simu.

Tuseme tawi lina wanachama 300, na kila mmoja anakatwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 900,000. Je, benki zilifika 900,000? Kama zilifika 810,000, basi ada ya wanachama 30 imebaki mahali fulani, au wanachama 30 wamefutwa katika orodha bila kuambiwa. Na tawi lilipewa kiasi gani, na bajeti ilisema lipewe kiasi gani? Maswali haya si magumu. Mtoto wa darasa la nne anajua kutoa. Ugumu ni kwamba namba tatu zinazohitajika hazikai mahali pamoja. Mwisho wa mwaka makao makuu hukusanya karatasi za matawi, huzinakili kwa mkono katika karatasi moja kubwa, na ikija barua ya pili yenye masahihisho hakuna ajuaye ipi ndiyo ya kweli. Tumeona faili moja lina majina matano: bajeti mpya, bajeti mpya kabisa, bajeti ya mwisho, na kadhalika.

GHALA NI NINI NA WINGU NI NINI

Hatuna budi kuyafahamu maneno haya kabla ya kuyapigia kura.

Karatasi ya kompyuta, ambayo vijana huiita kwa jina la Excel na wataalamu wa Kiswahili huiita lahajedwali, ni daftari lenye mistari inayolala na safu zinazosimama. Kila kisanduku kina neno, namba, au agizo la kuhesabu. Si kitu cha jana. Programu ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa wingi kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979, nayo ilibuniwa na Dan Bricklin pamoja na Bob Frankston huko Marekani. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha namba moja, jumla hubadilika yenyewe. Ubaya wake ni huo huo.

Ghala la data ni hifadhi kubwa ambamo hesabu za matawi yote huwekwa kwa mpango mmoja, ili mtu aulize swali moja na apate jibu kutoka kwa matawi yote kwa mara moja. Liko la Google linaloitwa BigQuery, na makampuni mengine yana ya kwao.

Wingu nalo si la angani. Ni kompyuta za kampuni nyingine, zimepangwa katika majumba makubwa yenye umeme na ulinzi, nasi tunakodi nafasi humo kama mtu anayekodi stoo mjini. Google ilifungua kituo chake cha namna hiyo Johannesburg mwaka 2024, na Amazon ilikuwa imekwisha kufungua Cape Town mwaka 2020. Kwa hiyo tukisema hesabu zetu ziko winguni, tunamaanisha ziko katika jumba la watu wengine, katika nchi nyingine, nasi tunafika humo kwa mtandao tu.

Kuunganisha kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kwamba ghala husoma karatasi ya tawi moja kwa moja. Katibu akijaza mstari mpya leo, swali litakaloulizwa kesho litauona. Ya pili ni kwamba karatasi hufungua dirisha katika ghala. Mweka hazina anafungua karatasi aliyoizoea, lakini hesabu anazoziona zinatoka ghalani, naye anaweza kuzipanga kwa tawi, kwa mwezi au kwa kifungu cha bajeti bila kunakili chochote. Njia zote mbili zinatakiwa katika pendekezo hili.

FAIDA TUNAIKUBALI

Hatupingi mashine kwa kuwa ni mashine. Kunakili kwa mkono kumewaumiza hata wenye mali na wasomi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa hesabu ya wagonjwa 15,841, kwa sababu orodha zilipitishwa katika faili la Excel la aina ya zamani ambalo haliwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi haikuingia. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao hawakupewa habari kwa wakati. Nchi tajiri, wataalamu wengi, na kosa likawa la daftari lililojaa.

Ghala halijai kwa mistari ya chama kama chetu. Tena matawi yote yakiweka hesabu mahali pamoja, mjumbe anaweza kuona mwezi wa nne kwamba kifungu cha nauli kimekwisha kula bajeti ya miezi tisa, akauliza wakati pesa ingali ipo. Sasa hivi tunauliza katika Mkutano Mkuu, mwaka ukiwa umekwisha na pesa imekwisha, na jibu tunalopewa ni makofi na soda.

Kuhusu gharama, tusitishwe wala tusidanganywe. BigQuery hutoza kwa kiasi cha data inayosomwa katika kila swali na kwa nafasi ya kuhifadhi, na kuna kiasi cha kila mwezi ambacho hakitozwi. Hesabu za ada za chama kama chetu ni ndogo sana kwa vipimo vyao. Kwa hiyo mtu akileta ankara nene akasema ni bei ya wingu, mwambieni aifungue mstari kwa mstari. Pesa nyingi katika kazi kama hizi huenda kwa wataalamu wa kuunganisha na kwa mikataba yao, na mikataba hiyo yafaa isomwe na wajumbe kama mkataba mwingine wowote.

AMBALO MASHINE HAIWEZI

Sasa tuseme na wale wanaodhani ghala litatusafishia hesabu. La hasha. Ukiingiza makapi katika ghala la mahindi, utatoa makapi.

Tawi moja huandika nauli, la pili huandika safari, la tatu huandika usafiri. Kwa binadamu ni jambo moja. Kwa mashine ni vifungu vitatu. Tawi moja huandika 03/04/2024 likimaanisha tarehe 3 Aprili, na kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani husoma tarehe 4 Machi. Katibu mwingine huandika "sh. 45,000 tu" ndani ya kisanduku, kama tulivyofundishwa kuandika stakabadhi, na agizo la kujumlisha hukiruka kisanduku hicho kimya kimya kwa kuwa kina maneno. Na zile sifuri mbili za marehemu zitapotea ghalani kama zilivyopotea katika Excel, ikiwa aliyepanga safu ameiambia mashine kwamba namba ya kazi ni namba ya kuhesabu. Namba ya kazi haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina. Iandikwe kama jina.

Kuna jambo zito zaidi. Ghala likisoma karatasi ya tawi moja kwa moja, halina nakala yake. Linasoma kilichopo saa ile. Mtu akibadilisha 900,000 ikawa 600,000 usiku, asubuhi ghala litasema 600,000 bila kuona haya, na ripoti zote za bajeti zitakubaliana nalo. Kweli karatasi za kompyuta za siku hizi hukumbuka nani alibadilisha na saa ngapi, lakini kumbukumbu hiyo husomwa na mwenye ruhusa tu. Na data iliyohifadhiwa ndani ya BigQuery yenyewe, ikibadilishwa au kufutwa, kwa kawaida unaweza kurudi nyuma kuitazama kwa siku 7. Mfanyakazi hupata nafasi ya kuuliza mara moja kwa mwezi. Siku 7 hazimtoshi.

HATARI YA MAJINA

Orodha ya wanachama wa chama cha wafanyakazi si orodha ya vikombe. Mwaka 2009 huko Uingereza ofisi moja ilipekuliwa na wakaguzi wa serikali, ikakutwa na kadi zenye majina ya wafanyakazi wa ujenzi zaidi ya 3,200. Kadi zilieleza nani ni mtu wa chama, nani alilalamikia usalama kazini. Makampuni makubwa ya ujenzi yalilipa ili kuulizia majina kabla ya kuajiri, na watu walikaa miaka bila kazi wasijue kwa nini. Hizo zilikuwa kadi za karatasi katika ofisi moja. Fikirini orodha ya chama kizima, pamoja na namba za simu, ikiwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeudhika au aliyenunuliwa.

Ndiyo maana sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inautaja uanachama wa chama cha wafanyakazi miongoni mwa habari zinazohitaji ulinzi wa pekee. Hapa Uganda tuna sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Haki hiyo ni ya mchumaji na mkata miwa kama ilivyo ya mkurugenzi. Laiti yule ndugu yetu angeijua.

Na kuna hatari ya njia yenyewe. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, mtandao ulizimwa hapa nchini kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na mtandao ukalegea katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Chama kisichoweza kumlipa mjane kwa kuwa mtandao umekatika hakijaendelea, kimerudi nyuma.

KARATASI ILIYOONYESHWA

Wakubwa fulani hutuambia kwamba hesabu ni kazi ya wataalamu na kwamba wanachama wakizifungua watavuruga. Tunawajibu kwa mfano.

Mwaka 2010 maprofesa wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi ambayo deni lake linapita asilimia 90 ya pato lake uchumi wake hudhoofika sana. Wanasiasa wakalishika neno hilo kutetea kubana matumizi ya serikali, yale ambayo wafanyakazi huyalipia kwa mishahara na huduma zao. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alijaribu kurudia hesabu zao kwa ajili ya somo lake, akashindwa kupata jibu lile lile. Akawaomba karatasi yao ya Excel, nao wakampa. Akakuta agizo la kupata wastani liliishia njiani, likaziacha nchi tano nje. Kosa hilo halikuwa peke yake, naye pamoja na walimu wake walionyesha mengine katika namna ya kupima, na walipohesabu upya matokeo yakawa tofauti.

Maprofesa hawakuona kosa, na wakubwa wa serikali hawakuliona. Mwanafunzi aliliona, kwa sababu alionyeshwa karatasi yenyewe, siyo jibu la mwisho tu. Sisi wa mashambani tunalijua hili tangu zamani. Mchumaji wa chai haridhiki kutajiwa kilo zake. Husogea atazame mshale wa mizani kwa macho yake, na karani akimfukuza hapo, hujua la kufikiri.

MASHARTI YETU

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa matawi wasiseme ndiyo tupu wala hapana tupu. Waseme ndiyo, na masharti haya yaandikwe katika azimio.

Kwanza, kila mwezi karatasi moja itolewe ghalani, ichapishwe, na kubandikwa katika ofisi ya kila tawi. Iwe na safu zinazosomeka: kilichokatwa na mwajiri, kilichofika benki, kilichorudi kwa tawi, kilichokuwa katika bajeti, kilichotumika. Namba za kazi za waliolipa ziwe hapo, majina yasiwepo. Kila mtu anaijua namba yake, na mpita njia haijui.

Pili, kila mwisho wa mwezi hesabu zinakiliwe na kufungwa. Kosa likionekana baadaye lisahihishwe kwa mstari mpya wenye maelezo, la zamani lisifutwe. Hivyo ndivyo tunavyofanya katika daftari la wino: tunapiga mstari mmoja juu ya kosa, linabaki likisomeka, na tunatia sahihi pembeni.

Tatu, ruhusa zigawanywe. Tawi liandike katika ukurasa wake tu, na lisome jumla za matawi yote. Orodha ya majina ya tawi isomwe na tawi hilo na maofisa wachache watakaotajwa kwa vyeo katika azimio. Mwajiri asipewe ufunguo wowote. Na ufunguo mkuu usiwe wa mtu mmoja. Uwe wa mweka hazina pamoja na wadhamini waliochaguliwa na Mkutano Mkuu, ili katibu mkuu akiondoka asiondoke na hesabu zetu katika simu yake.

Nne, vifungu vya bajeti viwe na orodha moja kwa matawi yote, na visichapwe kwa mkono bali vichaguliwe katika orodha hiyo. Namba ya kazi iwekwe kama maandishi. Tarehe iandikwe kwa mtindo mmoja. Pesa iandikwe namba tupu, bila shilingi wala "tu". Haya ni madogo, lakini mjane yule alipoteza ng'ombe kwa dogo kama hili.

Tano, daftari la mkono lisitupwe. Litunzwe katika tawi, lilinganishwe na karatasi ya ghala kila mwezi, mtandao uwepo usiwepo. Na fungu la wasiojulikana lisomwe kwa sauti katika kila mkutano wa tawi, mpaka lishuke na kubaki sifuri.

Sita, makatibu na wawakilishi wa matawi wafundishwe. Chama kikiwa na pesa ya kumlipa mtaalamu wa kuunganisha, kiwe na pesa ya kumfundisha katibu wa kambi.

HAYA SI YA WASOMI PEKE YAO

Ndugu zetu wengine watasema, sisi tumesoma mpaka darasa la saba tu, mambo ya ghala na wingu tutayaweza wapi? Sisi tunaoandika hapa nasi tuliishia darasa la saba, na baadhi yetu hatukufika. Mwaka ule wa kesi ya mama mjane tulikaa usiku na slipu zake na orodha ya makao makuu, tukapitisha kidole mstari kwa mstari, mmoja anasoma, mwingine anaweka alama. Aliyegundua ule mkosi wa sifuri hakuwa mtaalamu. Ni mwenzetu wa kiwandani, anayelisha boila kuni, ambaye namba yake nayo huanza na sifuri. Alitafuta yake kwanza, hakuiona. Akatafuta bila sifuri, akaiona katika fungu la wasiojulikana.

Kuuliza si ujinga. Mjumbe akisimama katika mkutano akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, 900,000 zilikatwa, 810,000 zilifika, 90,000 ziko wapi?", hahitaji cheti cha kompyuta. Anahitaji kuwa ameiona karatasi kabla ya mkutano. Hilo ndilo tunalodai. Wengine watuwekee waya na mashine, sisi tuwekewe karatasi ukutani.

Wanachama, ada hii tunaitoa katika jasho, kilo kwa kilo na tani kwa tani. Ni ya kutulinda tukifukuzwa, kututetea tukiumia, kutuzika tukifa. Hatuombi fadhila kuonyeshwa ilipo. Kabla ya kura, kila tawi likae lisome pendekezo na masharti haya, na mjumbe wake aende na jibu la wanachama, siyo la kwake. Na wewe uliye na slipu za mshahara nyumbani, usizitupe. Zikunje, ziweke kwa mpangilio, mwonyeshe mwenzako wa nyumbani zilipo.

Umoja ni nguvu, na hesabu wazi ndizo zinazoulinda umoja.